Mzigo Mmoja Kushoto na Kulia

Wifi yake alijikalisha kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akatua mkoba wake juu ya sare za shule zilizokwisha kupigwa pasi. Hapo Kifungo akajua kwamba yeye na mumewe hawakuja kwa heri. Kifungo ndilo jina alilobandikwa na kaka yake tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa mdogo na mdomo wake haukufunguka mpaka uvutwe.

"Toa simu," kaka yake alisema. "Fungua soko la hisa ujionee."

Salamu hakutoa. Tangu wamzike mama yao, salamu zilikuwa zikipungua mwezi hadi mwezi. Mama alifanya kazi kiwanda cha sabuni miaka ishirini na saba, na kila mwaka alinunua hisa chache za kiwanda. Alipofariki ziligawanywa pasu kwa pasu: kaka mtu hisa elfu nne na mia moja hamsini, Kifungo elfu nne na mia moja hamsini. Kaka alizitaka zote. Aliziomba kwa maneno matamu, akaziomba kwa maneno makali, akatoa bei ya kuchekesha. Kifungo alitikisa kichwa kila mara, akaendelea kushona. Hakuwa na kitu kingine cha mama.

Akafungua simu. Kwenye programu ya dalali kulikuwa na ukurasa unaoonyesha foleni yote: kushoto wanaotaka kununua, kulia wanaotaka kuuza, kila mmoja na bei yake na idadi yake. Siku zote foleni ya kiwanda cha sabuni ilikuwa kavu, hisa themanini hapa, mia mbili pale, na bei ilikuwa imeganda kwenye shilingi kumi na nne. Leo, upande wa kulia, mtu mmoja alikuwa anauza furushi zima kwa kumi na mbili.

"Umemwona huyo?" Kaka aliinama begani kwake. "Mzigo wote huo, na bado amekata bei. Wakubwa wanakimbia. Kesho utauza kwa tisa. Keshokutwa hizo hisa zako utafungia sabuni."

"Na sabuni yenyewe haitoi povu," wifi akadakia.

"Bahati yako kuna mmoja kushoto anachukua zote kwa kumi na moja. Muuzie kabla hajazinduka."

"Ni nani?" Kifungo aliuliza.

"Nitamjuaje? Soko halina sura. Wewe uliishia darasa la tano, nami nakupa elimu bure, halafu unanihoji."

"Mwache," wifi alisema. "Akili yake yote iko kwenye pindo. Na gauni langu ni wiki ya tatu hii."

Kifungo alitazama kulia. Elfu nne, mia moja na hamsini. Akatazama kushoto. Elfu nne, mia moja na hamsini. Ile namba hakuhitaji shule kuitambua. Iliandikwa kwenye karatasi ya mirathi iliyokunjwa ndani ya droo ya cherehani yake, mara mbili, jina lake na jina la kaka yake. Watu wawili wasiojuana, mmoja anakimbia na mwingine anakimbilia, wakabeba mzigo uleule mpaka hisa ya mwisho. Tena walisimama hatua moja tu baina yao, na hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Hao wawili walikuwa mtu mmoja. Kaka yake alikuwa ameweka za kwake kulia ili amtishe, na kushoto akajitandaza mwenyewe kuzipokea za dada yake. Hata kubadilisha idadi hakujisumbua. Alimwona mjinga kiasi hicho.

Alimkumbuka yule mama wa dirishani kwa dalali, aliyemfungulia akaunti. "Oda kubwa isikutishe, mwanangu," alimwambia. "Mwenyewe anaweza kuifuta hujapepesa jicho. Lakini ukiidaka kabla hajaifuta, basi, imekwisha, hana pa kukimbilia."

Simu ya kaka ilikuwa juu ya meza ya kukatia, imelala kifudifudi kando ya mkasi. Na kwenye akaunti ya Kifungo kwa dalali kulikuwa na akiba ya miaka mitatu, ya kununua cherehani ya pili, ile ya kufunga pindo. Aliiweka huko kwa sababu ndiko pekee ambako kaka yake hakuwahi kuja kukopa.

"Haya, bonyeza," kaka alisema.

"Siwezi ukiniangalia."

Wifi akacheka puani. "Aibu mpaka kwa simu."

Ilikuwa kweli, na wote waliijua. Hakuwahi kuweza hata kutunga uzi kwenye sindano huku mtu anamtazama. Kaka yake akapiga hatua mbili nyuma, akageukia mlango kwa majivuno ya mtu aliyekwisha kushinda. Kifungo akaupa uso ukuta. Akagusa upande wa kulia. Kununua. Zote. Akaweka namba yake ya siri, akabonyeza.

Simu ya kaka ililia pale mezani.

"Umefanya la maana," kaka alisema, akiifuata simu yake na tabasamu. Akaigeuza. Akasoma. Tabasamu likabaki limesahaulika usoni, kama nguo iliyoachwa kwenye kamba.

"Vipi?" wifi aliuliza. "Zimeingia?"

"Umeuza hisa elfu nne na..." Alisoma tena, bila sauti.

"Kauza nani?"

Kaka aliinua macho. Alimtazama dada yake. "Zirudishe."

"Kwa bei gani?"

"Za mama hizo."

"Ulizipanga barabarani kwa kumi na mbili," Kifungo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama kawaida. "Mimi nimeokota."

"Mwizi wewe. Umesikia? Usikanyage kwangu. Hata nikifa usije."

Alipiga teke kikapu cha mabaki ya vitambaa, akatoka. Wifi yake alisimama taratibu, akachukua mkoba, akanyoosha mkono. "Kitambaa changu."

Kifungo akalitoa gauni lililobaki pindo tu, akalikunja vizuri, akampa. Kisha akazipiga pasi upya sare zilizokunjwa na mkoba. Ile cherehani ya kufunga pindo ingesubiri miaka mitatu mingine. Akaketi kwenye hii ya zamani, akakanyaga.