Mti wa Mgeni Rasmi

Kamati yetu ya kulinda chemchemi ina mafanikio makubwa. Ina fulana za kijani, ina bango, na ina mwenyekiti anayeuza saruji, ambaye mtaa mzima tunamwita Bwana Mazingira, na mwenyewe anadhani ni sifa. Kila mwaka kamati hupanda miti kuzunguka chemchemi. Mashimo ni yale yale ya mwaka wa kwanza. Miche ya mwaka jana huwa imeshakauka na kuyaacha wazi, na Bwana Mazingira hapendi kuwachosha watu kwa kuchimba mara mbili.

Mti mmoja tu ndio uliopona, nao kamati haikuupanda. Ni mkuyu. Wifi yangu, mke wa kaka, fundi cherehani, aliuokota ungali mche baada ya sherehe mojawapo, umetupwa mizizi juu. Akaupanda ukingoni, pale tunapotekea maji, akawa anaumwagilia kila jioni maji aliyosuuzia vyombo. Tulimcheka sana. Sasa umetuzidi kimo, mizizi yake imeushika ule udongo uliokuwa ukiporomokea majini, na ndoo zetu hazirudi tena nyumbani na tope.

Mwaka huu tukaambiwa anakuja mgeni rasmi mzito. Asubuhi ya siku yenyewe Bwana Mazingira alifika na mtu mwenye shoka.

"Huu unaziba," alisema, akiuonyesha mkuyu. "Mpiga picha akisimama pale, chemchemi haionekani. Tunautoa, mgeni anapanda wake hapo hapo."

"Mnakata mti ili mpande mti?" nilimuuliza.

"Dada yangu, usilete siasa. Huu ni utaratibu."

Wifi alikuja mbio, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Nilijua atalia, maana mti ule anaupenda kuliko anavyompenda kaka yangu, na simlaumu. Kumbe wapi! Alitabasamu kwa adabu zote.

"Mwenyekiti, mtu mzito kama huyo utampa kamche ka shubiri moja? Si utamwaibisha? Mpe huu. Tunamwaga udongo shinani, anaupigapiga na koleo, basi. Kwenye picha utaonekana mti wa maana."

Bwana Mazingira alifikiri, jambo ambalo halimtokei mara kwa mara. Kisha akamwambia mwenye shoka aende zake.

Basi mgeni rasmi akaja, akapanda mti uliomzidi kimo. Alitupia udongo kidogo, akajifuta jasho ambalo halikuwepo, akapigiwa makofi. Kwenye hotuba alisema kwamba mti ukipandwa kwa nia njema hukua haraka. Hakuna aliyecheka. Halafu wakasimamisha kibao chenye jina lake mbele ya mkuyu na kupanda magari yao. Wifi hata fulana hakupewa, eti zimeisha.

Nilikuwa nimevimba kwa hasira. Nikakishika kile kibao kwa mikono miwili, nikaanza kukitikisa niking'oe.

"Hebu kiache, wifi," alisema, huku akiinamisha sufuria yake ya maji shinani. "Ulipokuwa mti wangu walikuja na shoka. Sasa ni wa mgeni rasmi. Nani atathubutu kuugusa?"