Bunduki Fupi ya Bwana Khatib

Bi Wanu alikuwa na neno moja la kumnyima mumewe, na safari nzima ya kuja mjini alikuwa akilitafuna.

Neno lenyewe ni radhi. Kijijini kwao, kule kusini ya Unguja ambako shamba ni mawe na udongo ni wa kuombana, msasi hatoki kwenda porini mpaka apewe radhi na yule anayemwacha nyumbani. Awe mke, awe mama, awe dada, hukaa kizingitini, msasi huuliza, "Radhi?" na aliyebaki hujibu, "Radhi. Nenda urudi." Yamekwisha. Atakayetoka bila ya neno hilo, wanasema, mbwa watamgeuka na bunduki itamkataa. Kama ni kweli au ni maneno ya wazee haijulikani, maana hajapatikana mwehu wa kujaribu.

Bi Wanu alianza kumpa Khatib radhi hina ya harusi haijamtoka mikononi, na mpaka leo ana wajukuu hajawahi kuchelewa kujibu. Safari hii aliazimia kumnyima.

Si kwa chuki. Alimpenda Khatib, kwa mapenzi yale ya kumnung'unikia mchana kutwa kisha kumwekea kichwa cha samaki usiku. Lakini macho ya Khatib yalikuwa yamekwisha. Mwenyewe hasemi, ukimwambia, atakujibu kuwa ni miwani imeingia vumbi. Nguruwe walipoingia tena kwenye muhogo mwezi uliopita, Khatib alijibanza nyuma ya jiwe, akalenga, akasoma bismillahi yake vizuri, akalipiga pipa la maji la jirani yao Mjaka. Pipa la buluu! Kijiji kilicheka mpaka kikakaa chini. Watoto wakawa wakimwona wanaulizana kwa sauti kama nyama ya pipa ni halali. Bi Wanu hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kutazama, na alimkuta mke wa Mjaka amesimama kando ya pipa na kata mkononi, maji yanamtiririkia miguuni.

Siku ile ile bunduki kongwe ya kikundi cha wasasi ilivunjika kifyatulio, na Bi Wanu akasema alhamdulillahi kimoyomoyo. Alifurahi mapema mno. Muhogo uliendelea kuliwa, watu wakachanga, vibali vikahangaikiwa kwa sheha na polisi mpaka vikapatikana, na wasasi wakasema kwa kauli moja kwamba wa kwenda kuchagua bunduki mpya ni Khatib, kwani nani mwengine anazijua bunduki kama yeye? Wakampa sharti moja tu: iwe nzuri na iwe rahisi. Ni sawa na kumtuma mtu akakuletee moto usiounguza.

"Tufuatane, Bi Wanu," alisema Khatib. "Mie mjini napotea."

"Hujapotea hata siku moja."

"Basi nifuate nisianze."

Naye akafuata. Akajiambia kwamba bora aende, angalau asije akanunua dubwana la kumlipukia usoni. La radhi angelimaliza mlangoni kwao, siku ya siku ikifika.

Fundi Shamsi alikuwa na chumba chake Mkunazini, chini ya nyumba ndefu iliyofungana na jirani yake kwa magogo ili isianguke. Kushoto kwake waliuza shati za watalii, kulia kwake waliuza viungo vya pilau, na katikati yeye, kwa ruhusa ya serikali, alitengeneza na kuuza bunduki za watu waliokufa au waliochoka. Alikuwa kijana mnene mwenye adabu, mikono imekoza mafuta ya mashine.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu," alisema Khatib. "Tuonyeshe ulizonazo. Lakini usitutajie bei kwanza, usije ukatuvunja miguu kabla hatujakaa."

Shamsi alicheka. Akazitoa tatu, moja baada ya moja, akazifungua kuwaonyesha kuwa hazina kitu ndani, akazilaza juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa raifoli ndefu yenye darubini juu, inang'aa kama sufuria la bibi harusi. Ya pili ilikuwa ya mitutu miwili, kitako cha mbao nyeusi chenye nakshi. Ya tatu ilikuwa ya mtutu mmoja, nyembamba, fupi, kitako chake kimechunika rangi.

Khatib aliishika ya kwanza. Bi Wanu alimwona anavyoishika na moyo ukamlainika, hilo hawezi kulikana. Mikono ile haikuwa na uzee ndani yake. Aliipakata, akaisikiliza inavyofunguka na kufunga, akaipitisha kidole kama anayetafuta mwiba kwenye mguu wa mtoto. Kisha akamgeukia mkewe.

"Hebu nshikie kidogo. Miwani imeingia vumbi."

"Miwani yako haina siku ikatakata," alisema Bi Wanu, akaipokea. Khatib alifuta miwani taratibu, kwa ncha ya kanzu, akimtazama.

"Nzito?"

"Kama jiwe la kusagia! Mbeba hii atamfukuza nguruwe au atafukuzwa naye?"

Darubini ile ilimtia tamaa kidogo, kwa kuwa alidhani huenda ikamsaidia mwenye macho mabovu. Lakini Shamsi aliponong'ona bei yake wote wawili waliinamisha vichwa kwa adabu, kama watu walioambiwa habari ya msiba, na raifoli ikarudi kabatini.

Ya pili Khatib aliisifu sana. Ilimkaa begani kama iliyochongewa yeye. Shamsi alisema kwa bei hii wanaweza kuzungumza, ikishuka kidogo na wao wakipanda kidogo watakutana njiani. Bi Wanu alijua kwamba hiyo ndiyo, akaanza kukunja buibui kuondoka. Lakini Khatib alipiga chafya, akatafuta leso, akampa bunduki ashike.

"Na hiyo?"

"Inanivunja kiwiko, baba Yusra. Ichukue bwana, mie si kibao cha kutundikia."

"Haya, haya." Akaichukua. Akaitazama kwa huzuni kidogo, akaiweka.

Ya tatu hakuijaribu begani. Aliifungua, akachungulia mtutu, akaifunga, akaipapasa kitako. Halafu, bila ya vumbi wala chafya, akamwekea mkewe mkononi, kitako ndani ya kikunjo cha kiwiko, na bunduki ikalala juu ya mkono wake. Ilikuwa nyepesi. Kidole cha Bi Wanu kilifika kwenye kifyatulio bila ya kutafuta.

Wazungu waliokuwa wakichagua shati walichungulia mlangoni, wakamwona bi mkubwa wa buibui na mtutu mkononi, wakaenda zao upesi.

"Nzito?" aliuliza Khatib.

"Hii hata kuku ataibeba."

"Hii hapa," Khatib alimwambia Shamsi. "Tuzungumze."

Shamsi alimtazama, akajikuna shingo. "Mzee wangu, nisikufiche, biashara na Mungu anaona. Hii ni rahisi kweli, na nzima. Lakini kwako fupi. Kitako hakikufiki. Itakupiga teke la taya."

"Najua fupi."

"Anajua!" Bi Wanu aliruka. "Anajua halafu ainunue! Khatib, rahisi huvunja upishi. Watu wamekupa pesa zao uwaletee bunduki, wewe unawapelekea fimbo ya kuchungia mbuzi?"

"Mke wangu, umechoka. Ukitoka hapa ntakununulia urojo."

Urojo alinunuliwa, na hakuula kwa raha. Alikuwa ameona alichokuwa akikiogopa. Msasi aliyechaguliwa na kijiji kizima kwa ujuzi wake ameshindwa hata kujua bunduki inayomfaa. Macho yamekwenda, na sasa na akili inafuata. Atakwenda porini na kitu kisichomfika, aone nusu na alenge nusu, na safari hii pembeni hakutakuwa na pipa. Kumnyima radhi ni kumvunja, alilijua hilo, kwani Khatib bila ya usasi ni mtu wa kukaa barazani akihesabiwa pumzi. Lakini bora avunjike yeye kuliko afe mke wa mtu. Alimtazama anavyokunywa urojo mpaka chini ya bakuli, akamwonea huruma, na azma yake haikutikisika.

Siku ya usasi ilifika. Alfajiri ilipokwisha kusaliwa na kukapambazuka, mbwa walikuwa wanalia kwenye kamba zao na sauti za wasasi zinasikika kwa mbali kwenye njia ya shamba. Bi Wanu alikwenda mlangoni na neno lake limeiva.

Akamkuta Khatib amekaa kizingitini, mahali pake yeye. Bunduki iko mapajani mwake.

"Inuka nikae," alisema Bi Wanu.

"Sikukaa kwa bahati mbaya. Nimekaa makusudi."

"Khatib, nna neno."

"Nalijua. Umekwenda nalo mjini ukarudi nalo, hata kwenye urojo ulilitia." Akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. "Ile siku ya pipa, Bi Wanu, mie nliona nguruwe. Niliona mpaka masikio. Wallahi niliyaona yanatikisika."

Tangu amjue, Bi Wanu hajawahi kumsikia akiyakiri macho yake.

"Miaka yote hii, nguruwe wakituingilia hapa shambani, nani alokuwa akiwaona? Mie nalala nyuma ya jiwe, we unasema kulia, unasema chini ya mkanju, unasema ngoja, bado. Mie nlikuwa kidole tu. Na baba'ko alikufundisha kufyatua kabla hajanifundisha mie, unadhani nimesahau?" Akamnyooshea bunduki. "Ile ya mitutu miwili ilinikaa mie. Hii imekukaa wewe. Nlikupima pale pale, na ukanitukana vizuri."

"Watu watasema nini?"

"Walishasema pipa. Hawana kubwa zaidi la kusema. Wasasi nshawaambia, na polisi nshakwenda na sheha, kibali kikaandikwa jina lako, kabla hatujakwenda mjini. Wa mwisho kujua ni wewe."

Bi Wanu alitaka kumkaripia, akalia. Alilia kwa hasira kidogo na kwa mapenzi mengi, akajifuta kwa upande wa kanga, akasema kuwa hatoki leo, hajafanya mazoezi, na atakayecheka atamjua yeye ni nani. Wasasi wakarudi makwao siku hiyo. Mjaka, ambaye ni mtu mwema, akalileta pipa lake bovu, wakalisimamisha nyuma ya nyumba mbele ya kifusi cha mawe, na kila alasiri Khatib alikaa kwenye kiti akisikiliza risasi, akimwambia mkewe kwa mlio tu kama amevuta pumzi au amesahau. Pipa la Mjaka likawa chujio la tui.

Ndipo ikaja asubuhi yenyewe. Bi Wanu alivaa suruali ndani ya gauni, akajifunga kanga kiunoni, akaitundika bunduki fupi begani. Mbwa walimzunguka. Wasasi walimsubiri chini ya njia, wamejipanga kwa heshima au kwa woga. Akateremka uani akaanza kwenda.

Nyuma yake Khatib alikohoa.

Bi Wanu alisimama. Aligeuka, akamwona mumewe amekaa kizingitini, mikono juu ya magoti, macho yake mabovu yanautafuta uso wake na hayaupati.

"Radhi?" aliuliza Bi Wanu.

Khatib aliinua uso kuielekea sauti. Bi Wanu akasimama pale, akakumbuka alivyokuja mlangoni hapo siku ile na neno lake mdomoni. Angelilisema neno lile, Khatib ndiye angelikuwa amesimama hivi akingoja. Akatamani amrudie amkumbatie mbele ya watu wote, lakini msasi akishatoka harudi ndani.

"Radhi, mke wangu," alisema Khatib. "Nenda urudi."