Dungusi Linashusha Sukari

Katika darasa la jioni, mwalimu alisema tunda la dungusi lina vitamini na nyuzinyuzi, na huenda likasaidia kidogo kushusha sukari mwilini. Nyumbani nilimwambia mama, mgonjwa wa kisukari, "Linashusha sukari." Nikawa namtolea matunda miiba, akala kwa furaha kila siku.

Sasa yuko wodini, na daktari amesema mguu utakatwa.

"Mama, sindano za insulini uliacha lini?"

"Si ulisema linashusha? Nijichome tena ya nini? Wewe ndiye msomi wetu, bwana!"

Nikamweleza ukweli, pamoja na lile "huenda" nililoliacha darasani. Akageukia ukutani.

Mtoto wangu mgongoni akalia. Mama akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Mlete huku."