Samaki wa Saa Kumi na Moja

"Hivi mwenzangu, ulikuwa unamtilia nini yule baba kwenye chakula?"

Swali hilo aliliuliza jirani, siku ya tisa baada ya mazishi, ameegemeza viwiko kwenye ukuta unaotenganisha nyua mbili, pini za kushonea zimebanwa pembeni mwa mdomo. Jirani huyo ni fundi cherehani, na watu humwita Mama Pima kwa sababu hupima nguo na hupima watu vilevile. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anayeulizia nyanya zimepanda kiasi gani. Mke wa fundi wa kufuli, mjane mwenyewe, aliyekuwa akianua mashati ya marehemu kambani, alimjibu kweli tupu.

"Nilikuwa simtilii kitu. Ndiyo yalikuwa maagizo ya daktari."

Mama Pima akasema "haya," akarudi kwenye cherehani yake. Ile "haya" mke wa fundi aliisikia miaka mitatu.

Mumewe alikuwa fundi wa kufuli. Kutwa alikuwa akifungua milango ya watu waliopoteza funguo, na jioni alirudi nyumbani vidole vinanuka chuma. Daktari alipomwambia presha imepanda na chumvi aiage, mkewe hakungoja kesho. Alichukua kopo la chumvi, akalivusha ukutani, akampa Mama Pima.

"Sasa na wewe je?" mumewe alimuuliza. "Wewe huumwi."

"Nile chumvi mbele yako, nikuonyeshe meno?"

Wakala bila chumvi miaka minane. Alijifunza upya kupika, mtu aliyekwisha kuwa na mvi. Aligundua kwamba kitunguu kikikaangwa polepole mpaka kikawa rangi ya asali, maharage husahau kidogo yanachokosa. Aligundua limau lisitiwe mapema. Alitwanga tangawizi, akatwanga vitunguu saumu, akatwanga pilipili manga, mpaka kinu kikapata ufa. Hata hivyo mumewe alikula nusu sahani, akaisogeza. "Nimeshiba, mama. Mungu akubariki." Kisha akaomba maji. Tena si kikombe kimoja. Alikunywa vikombe vitatu kwa mkupuo, kama aliyetoka kuvuka jangwa, na mkewe akajilaumu: chakula changu kimemshinda, masikini, anakisukuma kwa maji.

Alipokufa, alianguka dukani kwake ameshika ufunguo wa mtu.

Msibani, wanawake wakiwa wamekaa mikekani, dada wa marehemu alisimama katikati yao. Dada huyu alifanya kazi zahanati miaka ishirini na sita, na mtaa mzima ulimwita Dada Sindano. Sindano yenyewe hakuwahi kuishika. Kazi yake ilikuwa kupanga mafaili. Lakini mtu akikaa karibu na madaktari muda wote huo, hata kukohoa hukohoa kidaktari, na watu humwamini.

"Kaka yangu ameuawa jikoni," alisema. "Presha ile ni ya chumvi. Mwenye mwiko anajijua."

Basi. Hakuna aliyemtukana mke wa fundi, wala hakuna aliyemnyima salamu. Ila kabla ya siku ile, palipokuwa na harusi au msiba, yeye ndiye aliyeitwa kwenye masufuria makubwa. Alikuwa mkuu wa moto. Akisema wali umeiva, umeiva. Baada ya siku ile alipofika kwenye shughuli alipewa kisu na karai. "Mama, wewe utusaidie hapa kwenye vitunguu." Kwa upole kabisa, na kigoda wakamvutia. Miaka mitatu ya kumenya vitunguu. Angalau, alikuwa akijiambia, machozi yalipata sababu.

Na lile kundi la wanawake wa sala, lililokuwa likizunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, halikuzunguka tena kwake.

Sasa Jumatatu moja asubuhi, mlango uligongwa. Nje alisimama Dada Sindano mwenyewe, ameshika mkoba wa nguo na mfuko wa dawa, miguu imevimba mpaka viatu amevikanyaga visigino.

"Wifi," akasema, akitazama kizingiti. "Presha. Daktari anasema nikae na mtu wa kuniangalia chakula. Watoto wako mbali, kila mmoja ana udhuru wake. Nimefikiri, nimefikiri, nikaona hakuna anayejua kupika bila chumvi kuliko wewe."

Mke wa fundi alisimama kidogo, mkono kwenye komeo. Halafu akapokea mkoba.

Alimpokea kwa sababu Mungu anaona. Lakini hakujidanganya: alimpokea pia kwa kuwa alifikiri, watu wakimwona huyu akila mkononi mwangu, watajijibu wenyewe. Siku ileile salamu ikaja kutoka kwa mwenyekiti wa kundi: kwa kuwa mgonjwa yuko kwako, Jumamosi sala itakuwa kwako. Mke wa fundi alitoa sahani za wageni kabatini, akaziosha vumbi la miaka mitatu.

Mgonjwa, kwa upande wake, alikuwa na miguu mibovu na ulimi mzima.

"Maharage haya, wifi, yamepikwa au yameogeshwa?"

"Kula, wifi."

"Nakula. Nauliza tu, nijue kama nishukuru mpishi au bomba."

Jumatano mchana ilikuwa mchicha, wali na yai la kuchemsha. Dada Sindano alitia kijiko mdomoni, akafumba macho, akameza kama anameza kidonge. Akacheka peke yake.

"Masikini kaka yangu. Sasa ndiyo namwelewa. Ndiyo maana hakuweza kunipita."

"Kukupita wapi?"

"Si nyumbani kwangu, njiani pale! Saa kumi na moja haijatimia, huyo, anavua viatu. 'Dada, kuna chochote?' Namkaangia samaki wake, wale wakavu wa chumvi, vipande viwili vikavu kabisa. Anakula mpaka miba analamba. Anasema, dada, hapa ndipo ninapokumbuka kwamba nina mdomo."

Mke wa fundi alikuwa ameshika sahani. Aliiweka mezani taratibu, isitoe sauti.

"Siku gani hizo?"

"Siku zote. Isipokuwa za mapumziko, alikuwa na wewe." Ndipo Dada Sindano akasikia alichokuwa anakisema. Kijiko kikabaki hewani.

Vikombe vitatu vya maji. Miaka minane, kila jioni, mke wa fundi alimimina maji yale kwa mkono wake, akamwombea na dua. Nusu sahani. Nimeshiba, mama. Kumbe kweli alikuwa ameshiba. Mtu aliyefungua milango ya mji mzima, nyumbani kwake akafunga mmoja na ufunguo akampa dadake.

"Aliniambia nisikwambie," Dada Sindano alisema. "Utaumia moyo. Unajua ulivyokuwa unahangaika na vitangawizi vyako."

"Na ulijua daktari amesema nini."

"Alikuwa analia njaa, wifi! Ni kaka yangu, ningemfungia mlango?"

"Na pale msibani?"

Cherehani ya Mama Pima ilisikika ng'ambo ya ukuta, ikaenda, ikasimama, ikaenda tena.

"Uchungu," Dada Sindano alisema mwishoni. "Niliogopa. Niliona kila mtu ananitazama mikono. Nikasema la kwanza lililonijia."

"La kwanza lililokujia lilikuwa mimi."

"Nisamehe."

"Hilo nitamwachia Mungu anisaidie. Mimi nataka kitu kimoja. Jumamosi watakuja walewale waliokaa mikekani. Utasema mbele yao?"

"Nitasema."

"Wifi."

"Nitasema, haki ya Mungu! Unataka niape mara ngapi?"

Alhamisi mke wa fundi alikwenda dukani akanunua pakiti ya chumvi. Muuza duka akamtania: "Mama, leo umepotea njia?" Alirudi nayo, akafunga mlango wa jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya mgonjwa inayotokota. Hakuwa na shaka juu ya anachotaka. Alitaka kijiko kimoja tu, leo kimoja, kesho kimoja, aone kama miguu ile ingeendelea kubeba mdomo ule. Alisimama mpaka mvuke ukamlowesha uso. Kisha akaiweka pakiti juu ya kabati, haijafunguliwa, akapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maganda ya vitunguu.

Aliomba toba. Akawaombea watoto, wagonjwa, wasafiri, kama kawaida yake. Alipofika kwenye jina la mumewe, ulimi haukwenda. Aliliruka, akasema amina.

Ijumaa aliloweka maharage ya watu ishirini. Jumamosi alfajiri aliwasha moto. Vitunguu alivimenya mwenyewe, akavikaanga mwenyewe, polepole, mpaka vikawa rangi ile ya asali. Muda mrefu sufuria kubwa haikuwa imekaa mkononi mwake, na mkono haukuwa umesahau. Harufu ilivuka ukuta. Cherehani ikasimama.

Walikuja saa tisa, wamependeza. Na kila mmoja alikuja na bakuli lake, limefunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kitambaa.

"Tumeona tusikuchoshe, mama," mwenyekiti alisema, akilipanga la kwake mezani. "Na mgonjwa uliye naye."

"Ndiyo, tusimchoshe," wakaitikia wengine, hakuna aliyemtazama machoni. Sufuria ya maharage ikabaki jikoni na mfuniko wake.

Walisali. Waliimba. Walipokwisha, mabakuli yakafunguliwa, na Mama Pima, mdomo haujatulia, akamgeukia mgonjwa aliyekaa kwenye kiti chenye mto.

"Lakini wewe Dada Sindano una moyo! Unalala humu, unakula humu, huogopi?"

Wakacheka. Kicheko kidogo, cha kuficha nyuma ya viganja. Mke wa fundi hakucheka wala hakukasirika. Aliweka birika chini, akamtazama wifi yake. Alikuwa akiingoja nafasi, na nafasi ndiyo hiyo, imekaa katikati ya chumba kama mtoto anayesubiri kupewa jina.

Dada Sindano alifungua mdomo. Akamtazama mwenyekiti, akamtazama Mama Pima, akatazama zile nyuso zote zilizomwamini miaka ishirini na sita. Akajikohoza, kile kikohozi chake cha kidaktari.

"Nitaogopaje," akasema, "na mimi kila anapopika nasimama nyuma yake naangalia?"

Chumba kililipuka. Mama Pima alipiga paja. "Umemweza!" Hata mwenyekiti alifuta machozi.

Mke wa fundi alingoja wamalize. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani moja ya maharage na ile pakiti ya chumvi. Vyote viwili akaviweka mbele ya wifi yake.

"Pakiti hii nimeinunua Alhamisi," alisema, sauti yake ya kila siku. "Mama Pima, wewe macho yako ni ya sindano. Hebu itazame. Imefunguliwa?"

Mama Pima aliigeuza mkononi. "Haijafunguliwa."

"Asante. Sasa wifi, nikuulize jambo la jikoni tu. Wale samaki wa chumvi uliokuwa unamkaangia kaka yako kila siku saa kumi na moja, miaka minane. Ulikuwa unawaloweka kwanza chumvi itoke, au ulikuwa unawakaanga vivyo hivyo?"

Hakuna aliyetafuna. Mwenyekiti alikuwa na kijiko kimefika karibu na mdomo, akakirudisha bakulini. Mtu mmoja alisema "Samaki gani?" na mwenzake akamfinya.

Dada Sindano hakuwatazama. Aliyatazama maharage, mvuke ukimpanda usoni. Midomo yake ilitikisika mara moja, kama inatafuta la kwanza litakalokuja, na safari hii halikuja. Akashika mikono ya kiti, akajiinua. Aliingia chumbani, mkoba ulikuwa pembeni mwa kitanda. Akauchukua ulivyo, nguo nyingine zikabaki kambani uani. Wanawake wakavuta miguu yao apite.

Mke wa fundi aliwahi mlangoni kabla yake. Wakasimama uso kwa uso, karibu kama siku ile ya Jumatatu. Alimkabidhi mfuko wa dawa.

"Kimoja asubuhi, viwili jioni," akasema. "Usisahau."

Dada Sindano akaupokea, akavikanyaga viatu vyake visigino, akatoka.