Mtu wa Kutazama Chuo

Ijumaa ile Generoza aliamka kabla ya jogoo. Uji ulimshinda. Fomu ilikuwa mezani, imebanwa na sahani isipeperuke, na ilikuwa imejazwa kila mahali isipokuwa pawili: jina la chuo, na saini ya mzazi au mlezi. Saa kumi jioni gari la shirika la kuhudumia wakimbizi lingeondoka kambini Lukole na mfuko wa fomu, na dereva wake hakuwa mtu wa kumsubiri mtu. Mwaka huo wa 2004 Warundi walikuwa wameanza kurudi kwao, shirika lilikuwa linafunga ofisi zake moja baada ya nyingine, na nafasi hii ya kusomeshwa kompyuta ilikuwa ya mwisho. Walisema watamsomesha kijana mmoja tu kutoka vijiji vilivyopakana na kambi, na kijana huyo alikuwa yeye. Chuo anachagua mwenyewe, lakini anaandika kimoja, na akishaandika ameandika.

Basi si aandike tu? Angeandika, kama angekuwa na baba mwingine.

Baba yake, mzee Privatus wa Kasulo, alikuwa mtu wa taratibu. Katika ukoo wao binti haolewi kwenye mji, yaani nyumba ya watu, ambao haujatazamwa. Kabla posa haijajibiwa, anatumwa mtu mzima apite kwa hao watu kama msafiri, aombe maji ya kunywa, akae kidogo, macho yake yafanye kazi. Hahoji kitu. Mtazamaji hahoji, anatazama. Akirudi, swali la kwanza analoulizwa halihusu shamba wala ng'ombe. Anaulizwa: walikukaribisha na nini?

Sasa chuo na ndoa vimekutana wapi? Generoza naye aliuliza hivyo, mara moja tu.

"Binti yangu anakwenda kulala miaka mitatu kwa watu nisiowajua," Privatus alimjibu, "halafu nisitume mtu? Unaniona mimi mwehu?"

Mjadala ukaishia hapo. Akatumwa Laurian, mdogo wake Privatus, dereva wa lori la mizigo kati ya Rusumo na Dar es Salaam. Vyuo vya kutazama vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha serikali, Dar. Kingine kiliitwa Nuru Njema, cha mtu binafsi, Morogoro, na tangazo lake lilikuwa limebandikwa hadi kwenye mlango wa ofisi ya kata, lina picha ya vijana wanaocheka mbele ya kompyuta.

Generoza hakuwa na shida na vijana wanaocheka. Shida yake ilikuwa maneno ya Irakoze. Irakoze alikuwa mkimbizi, msichana wa Kirundi wa rika lake, karani wa kambini, na ndiye aliyemwonyesha kompyuta. Baada ya kumaliza kidato cha sita Generoza alikuwa akienda kumsaidia kuingiza majina ya watu wa mgao wa chakula. Siku moja wakubwa walitaka kujua ni familia zipi zimeandikishwa mara mbili, kazi ya wiki nzima kwa macho. Irakoze akaandika mistari kama kumi na miwili ya amri, akabonyeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi majina yote yalikuwa yamejipanga kwenye kioo. Generoza alisimama pale mdomo wazi. Tangu siku hiyo hakutaka kitu kingine duniani.

"Lakini uwe macho," Irakoze alimwambia. "Kuna chuo kinakufundisha kuchapa barua, na kuna chuo kinakufundisha kuiamuru mashine. Vyote vinaandika kompyuta mlangoni. Huyo mtu wenu aangalie mashine zimewashwa au zimezimwa, na awaulize wanafunzi wanaandika nini." Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Ukikosea wewe, na mimi nimekosa. Mimi ni mkimbizi, hiyo fomu hainihusu."

Generoza aliyaandika yote kwenye karatasi, akampa baba yake mdogo mkononi. Hiyo ilikuwa wiki mbili nyuma. Laurian alipaswa kurudi Jumatano.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Kila mtu alijua ni nini: malori yalikuwa yamezuiwa Lusahunga yakingoja kusindikizwa na polisi, maana katika ile misitu ya Biharamulo majambazi walikuwa hawamwogopi mtu. Kujua hakukumsaidia Generoza. Saa tano alikuwa barabarani. Saa sita alikuwa barabarani. Saa saba shangazi yake Verediana alimfuata na kumrudisha nyumbani kwa mkono kama mtoto, akampa ndizi za kumenya ili vidole vipate kazi. Verediana ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa ameolewa zamani huko Nyamahanga, akarudi kwao na kifurushi kimoja, na hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia ya huko.

Generoza alimenya, na wazo baya likamjia. Saini ya baba yake aliijua. Ilikuwa P kubwa na mkia mrefu, basi, hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Angeandika chuo cha Dar, angechora ule mkia, angepanda baiskeli. Nani angejua? Aliwaza hivyo mpaka akajikata kidole. Halafu akamwona baba yake uani, amevaa shati lake la kanisani tangu asubuhi kwa ajili ya kumpokea mtazamaji, na akajua kwamba hawezi. Alimchukia kidogo kwa shati lile.

Saa nane na robo msafara wa malori ulisikika. Laurian aliegesha lori kando ya barabara, akaja ana vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo baba mdogo, vipi huko, umeviona?" Generoza alisema yote kwa pumzi moja.

"Marahaba. Ngoja ninawe, mwanangu."

Akanawa. Jamani, alinawa! Alinawa uso, alinawa shingo, alinawa miguu. Akaingia, akaketi, akapewa maji, akayanywa yote. Verediana aliketi mlangoni na beseni lake la ndizi. Privatus akajiweka sawa kwenye kiti.

"Tuanze na Dar," alisema. "Walikukaribisha na nini?"

Laurian alicheka kwa uchungu. "Kukaribishwa? Nimesimamishwa getini juani saa nzima. Mlinzi anataka barua. Barua ya nini, mimi napita tu? Maji nimeomba, kaniambia bomba lile pale. Nimeingia mwishoni kwa kujichanganya na watu wa mkaa. Kaka, watu wale hata salamu hawaitikii! Vijana wamejazana chumbani, wawili wawili kwenye mashine moja, macho mekundu, wanagombana kwa maneno nisiyoyajua. Na nje pale kwenye ngazi kuna binti amekaa analia peke yake. Rika la huyu. Hakuna anayemjali."

Privatus alitikisa kichwa taratibu. "Analia. Na Morogoro?"

"Ah, Morogoro!" Uso wa Laurian ulikunjuka. "Mkuu wa chuo mwenyewe katoka nje kunipokea. Soda, biskuti, kiti chenye mto. Kaniuliza habari za mvua za kwetu. Kanionyesha chumba cha kompyuta: safi, sakafu inang'aa, kila mashine imefunikwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua. Hata vumbi hakuna."

"Huo ndio mji wa watu," alisema Privatus, akavuta fomu kwake. "Tumemaliza. Generoza, lete kalamu."

Generoza hakuinuka. "Baba mdogo, zilikuwa zimewashwa?"

"Nimekwambia zimefunikwa."

"Na wanafunzi? Walikuwa wanaandika nini?"

"Walikuwa wamekwenda kula, ndivyo mkuu alivyosema."

"Wote? Saa ngapi hiyo?"

Laurian alifikiri. "Kama saa tatu na nusu."

"Saa tatu na nusu asubuhi wamekwenda kula! Na ile karatasi yangu? Uliwauliza?"

"Generoza!" Privatus alipiga meza. "Tangu lini mtazamaji akahojiwa na binti? Mtu amelala porini siku mbili kwa ajili yako, unamsimamisha kizimbani? Naye angeanzaje kutoa karatasi ya maswali mbele ya watu waliomheshimu? Kalamu!"

Alileta. Afanye nini? Machozi yalikuwa yanakuja, na alijua akilia atakuwa amewapa sababu nyingine ya kumwona mtoto. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro tano. Kwenda Lukole kwa baiskeli ni dakika arobaini, ukikazana. Alimwona baba yake anaiweka fomu sawa na kuipangusa kwa kiganja, na aliona miaka mitatu ya vitambaa vyeupe.

"Kaka," alisema Verediana pale mlangoni.

Hakuna aliyegeuka. Katika mazungumzo kama yale wanawake husikiliza.

"Kaka Privatus. Ulipotumwa Nyamahanga kuutazama mji wa mume wangu, walikukaribisha na nini?"

Generoza hakujua. Miaka yote ile aliyolelewa na mikono ile, hakujua kwamba mtazamaji wa shangazi yake alikuwa baba yake.

"Hayo ni ya zamani," alisema Privatus.

"Nimekuuliza."

"Pombe ya rubisi," alisema polepole. "Rubisi nzuri. Na kuku."

"Kuku alikuwa wa jirani. Rubisi ilikuwa ya jirani. Kile kigoda walichokukalisha, nilikirudisha kwa mwenyewe mimi kwa mkono wangu, asubuhi ya pili ya ndoa yangu." Verediana hakupandisha sauti, na aliendelea kumenya. "Ukarudi hapa ukamwambia baba: huo ndio mji wa watu. Maneno hayo hayo uliyosema sasa hivi. Nimelala njaa miaka sita kwenye mji ule, kaka. Nimepigwa na nimezika mtoto. Nikarudi, na wewe hukuniuliza hata siku moja nilikuwa nimerudia nini."

Laurian alikuwa anatazama miguu yake aliyoinawa.

"Sikuja kukudai," alisema Verediana. "Nilikuwa nimeamua kufa nayo. Lakini huyu nimemlea mimi. Laurian, wale wa Dar walikunyima maji kwa nini?"

"Wana kazi, dada. Hawakuwa na muda na mimi."

"Haya."

Privatus alishika kalamu. Mzee aligeuza fomu, akaisoma sehemu ya chini kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayetafuta mahali pa kutokea. Halafu akainuka, akaenda nayo mlangoni, akachuchumaa mbele ya dada yake, na shati lake la kanisani likagusa maganda ya ndizi.

"Hapa wameandika mzazi au mlezi," alisema. "Weka wewe."

"Mimi sijui kuandika, Privatus. Unajua."

"Najua."

Akamwita Generoza kwa kichwa, akampa kalamu ajaze chuo mwenyewe. Generoza akapiga magoti, na juu ya goti la shangazi yake akaandika jina la chuo cha Dar. Lilipokaa pale kwenye karatasi hakusikia furaha aliyoitarajia. Alimkumbuka binti wa kwenye ngazi. Hapa hakuna tena baba wa kulaumiwa wala mtazamaji wa kusingizia, na Irakoze yuko kambini anangoja kusikia. Aliogopa kuliko alivyoogopa asubuhi.

Privatus aliupokea mkono wa kulia wa dada yake, akaufuta utomvu wa ndizi kwa pindo la shati. Wino wa muhuri hawakuwa nao, kwa hiyo akachukua kalamu na kukipaka kidole gumba taratibu, mstari juu ya mstari, mpaka kikawa cha buluu. Akakiweka kwenye fomu, akakandamiza.

Akaendelea kukandamiza. Alama ilikuwa imeshatoka, kila mtu aliiona, na bado alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamcheza, ameushikilia mkono ule hauachii.

"Basi, kaka," alisema Verediana. "Niachie, mtoto atachelewa."