Magome ya Supu, Magome ya Mbuzi

Wiki ile, aliyetaka kumcheka Sadia hakuhitaji kutafuta sababu. Muuza dawa alikuwa na mafua. Alikaa nyuma ya makopo yake ya tangawizi, karafuu, habasoda na mdalasini, katika soko la Isiolo, pua imeziba kama chupa iliyopigwa kizibo, na kila aliyepita alikuwa na neno lake.

"Sadia, hiyo tangawizi unawauzia watu tu, wewe hunywi?"

"Nakunywa."

"Basi imekukataa!"

Kunywa alikuwa amekunywa kweli. Tangawizi na limau asubuhi, karafuu na asali jioni, habasoda kijiko kizima bila kukunja uso. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi mpaka machozi yakamtoka. Homa ilikwenda zake, kikohozi kikapungua, koo likalainika. Pua peke yake ndiyo iliyogoma.

Na Sadia alikuwa mtu wa pua. Marehemu mama yake, aliyekuwa na meza hiyohiyo kabla yake, alikuwa akimfunga macho kwa leso na kumpitishia mizizi mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto akawa anaujua mti kwa harufu kabla ya kuujua kwa jina. Sokoni ilijulikana hivyo: Sadia akinusa na kusema hiki ni fulani, hakuna wa kubisha.

Alhamisi asubuhi mzigo ulifika kutoka kijiji cha Leparua, nje ya mji. Mzee Aule, mchimba dawa wa Kiturkana aliyeanza kuiletea meza hiyo tangu Sadia hajazaliwa, hakuja mwenyewe. Alimpa mtu wa bodaboda gunia lenye matita kumi ya magome makavu. Sadia alikuwa ameagiza matano ya supu na matano ya mbuzi.

Magome ya supu huchemshwa na mifupa. Wazee huyapenda kwa ajili ya magoti yao, na mwanamke aliyejifungua hupewa yampashe mwili joto na kumrudishia hamu ya kula. Magome ya mbuzi hayaingii mdomoni mwa mtu. Hulowekwa kwenye ndoo, mbuzi mwenye upele akaoshwa, na anayemwosha hukatazwa hata kulamba kidole. Lakini yakishakauka, haya na yale hufanana kama pacha. Ndiyo maana Mzee Aule alikuwa na utaratibu wake, ambao haukuandikwa popote na haukuwahi kumwangusha mtu: ya supu aliyafunga kwa kamba ya mkonge, ya mbuzi kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli.

Siku hiyo matita yote kumi yalikuja na mkonge.

Sadia hakuliona hilo. Alikuwa amefungua mdomo wa gunia tu, anapenga kamasi, wakati Nakolong aliposimama mbele ya meza. Nakolong alikuwa mama mtu mzima wa mtaa wa Bulla Pesa, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu. Mkaza mwanawe, Joy, mke wa Ekiru, alikuwa amejifungua wiki iliyopita.

"Habari ya mgeni, Mama Ekiru?"

"Mgeni yuko sawa, analia kama ndama. Mama yake ndiye hali kitu. Amekuwa mwembamba kama ufagio. Leo Ekiru amemchinjia mbuzi, na majirani wanakuja. Nipe magome ya supu. Na pilipili manga. Na mdalasini, ile tamu."

Sadia akaingiza mkono guniani, akatoa tita la juu. Mkonge. Akampa, akampimia viungo, akamwombea mzazi afya njema. Nakolong akaenda.

Ilipofika saa tano akaja Denge, mfugaji wa Kiborana aliyekuwa na mbuzi wengi kuliko maneno.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mzee Denge."

"Upele. Wamejikuna mpaka wamebomoa zizi."

Sadia akainama kutafuta tita lenye mpira. Akapekua upande mmoja, akapekua wa pili, kisha akalimwaga gunia lote mezani. Mkonge, mkonge, mkonge. Akabaki ameshika tita mkononi, asijue alichoshika. Alilisogeza puani, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote. Hewa haikupita.

"Unalibusu?" Denge akamuuliza. Akalichukua, akalinusa mara moja, akalirudisha. "Hili la supu." Akaokota jingine. "Hili ndilo langu."

Matita yale mawili yalikuwa yamefungwa kamba ile ile, fundo lile lile.

Sadia akayasukuma mengine yote mbele yake. "Mzee wangu, tafadhali. Ninusie yote."

Denge akavuta kigoda, akaketi. Alikuwa ameishi na mbuzi na dawa zao miaka sitini, na pua yake ilikuwa nzima. Alinusa matita tisa, akayatenga mafungu mawili. Upande wa supu, matano. Upande wa mbuzi, manne.

Sadia akahesabu, akahesabu tena, kana kwamba hesabu ingemwonea huruma. Aliagiza matano kwa matano. Ya supu yametimia yote mezani. Ya mbuzi limepungua moja.

"La kumi liko wapi?" Denge akauliza.

"Liko Bulla Pesa," Sadia akasema. "Ndani ya sufuria."

Alimpigia Mzee Aule. Hapatikani. Akapiga tena, na tena, hapatikani, kwa maana kule Leparua mtandao hupatikana mlimani tu. Nakolong hakuwa na simu, na namba ya Ekiru hakuwa nayo. Sadia alimwachia Denge meza bila hata kumwomba, akakimbia huku buibui ameishika mkononi, akarukia bodaboda ya kwanza.

"Bulla Pesa! Kimbiza!"

"Dada, kuna matuta."

"Nayajua matuta! Yapite!"

Njia nzima aliona uso wa Joy. Alimjua vizuri; alikuwa msichana mpole wa kununua iliki mbili mbili za chai. Uzazi wenyewe ulikuwa umemtoa damu nyingi. Mtu mwenye nguvu zake angeweza kutapika sumu ile akapona. Lakini Joy, wiki moja baada ya kujifungua, na mtoto yuko kwenye ziwa? Sadia alitafuta dua, akazipata vipande vipande.

Ploti ya kina Nakolong ilikuwa imejaa wanawake. Walikuwa wameketi kwenye mikeka na madumu, wanaimba, wengine wanapiga makofi, na katikati ya ua, juu ya mafiga matatu, sufuria kubwa ilikuwa inatokota. Joy alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, mtoto mapajani. Mkononi alikuwa na kikombe, cha kwanza kupakuliwa.

Kitupu.

"Umekunywa?" Sadia akapiga kelele kutoka langoni.

"Karibu, dada Sadia," Joy akasema, akitabasamu. "Nimekunywa. Tamu sana."

Sadia alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, akakunja leso yake, akashika mkono mmoja wa sufuria, akaipindua. Supu ya mbuzi mzima ikatiririka uani, mifupa ikabingirika kwenye jivu, moto ukazima kwa mlio wa nyoka. Nyimbo zikakatika.

Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Wewe mwanamke una wazimu?" Nakolong alikuwa amesimama na upawa mkononi. "Mbuzi ya mwanangu! Mbele ya wageni wangu! Nani amekutuma?"

"Mama Ekiru, nilikupa magome ya mbuzi. Ya upele. Nimekosea, Joy amekunywa dawa ya kuoshea upele, tunakwenda hospitali sasa hivi!"

Upawa ulianguka. Nakolong aliutazama uso wa mkaza mwanawe, akamnyang'anya mtoto, akampa jirani, akamkumbatia Joy kama mtu anayemvuta kutoka mtoni. Ekiru akatoka ndani bila viatu. Mtu mmoja akakimbia barabarani kuita tuktuk. Joy mwenyewe ndiye aliyekuwa mtulivu.

"Lakini sisikii kitu," alikuwa akisema. "Mama, sisikii kitu. Nasikia njaa tu."

Walikuwa wanamkalisha ndani ya tuktuk simu ya Sadia ilipolia. Mzee Aule. Sadia aliiweka kwenye spika.

"We binti," sauti ikasema, na upepo wa mlimani nyuma yake. "Naona umenipigia mara saba. Nani amekufa?"

"Mzee, yale matita! Yote umeyafunga mkonge!"

"Ee. Tyubu iliisha. Nikasema Sadia si mgeni, atanusa."

"Nina mafua, Mzee! Nimemuuzia mzazi tita la mbuzi! Kumi, matano kwa matano, na ya mbuzi yamebaki manne!"

Wanawake wa ploti nzima walikuwa wamezunguka ile simu kama wanaota moto.

"Nani alikuambia matano?" Mzee Aule akauliza. "Ya mbuzi nilileta nne."

"Niliagiza matano."

"Uliagiza tano, nikafunga tano. Halafu jirani yangu Lokuruka akapita hapa na mbuzi yake imeoza ngozi, nikampa moja. Nikaona aibu kukuletea gunia pungufu, nikaweka moja ya supu. Ya supu zilikuwa sita. Nne na sita si kumi?"

"Sema tena."

"Nne ya mbuzi. Sita ya supu. Nilifunga na hii mikono."

Sita. Matano yapo mezani sokoni, na Denge ameyanusa. La sita lilikuwa limelala pale uani, kwenye matope ya supu ya mbuzi, na ndilo lililokuwa tumboni mwa Joy likimpasha joto kama lilivyotakiwa.

Sadia alikaa chini pale pale langoni, kwenye vumbi, akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko. Hakuwahi katika maisha yake kufurahia hivyo kukosea. Nakolong naye alikuwa ameshika nguzo ya lango, anarudia, "Akuj, Akuj," akimshukuru Mungu kwa Kiturkana, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Hata hivyo Sadia alisisitiza tuktuk iende. Kwenye zahanati nesi alimpima Joy mapigo na presha, akamwangalia macho na ulimi, akasikiliza kisa chote mdomo wazi.

"Huyu ni mzima," akasema. "Ugonjwa wake ni njaa. Mpeni chakula."

"Nilikuwa napewa," Joy akasema, akimtazama Sadia kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akacheka mpaka akashika tumbo.

Waliporudi, wageni walikuwa bado wapo. Hakuna aliyekubali kuondoka kabla ya kujua mwisho. Habari ya nesi ilipokelewa kwa vigelegele, mtoto akarudishwa kwa mama yake, akalipata ziwa, akanyamaza. Ua mzima ulipumua. Na watu wakishapumua, hukumbuka matumbo yao. Macho yakaanza kushuka chini, kwenye mifupa iliyokuwa imeanza kuvutia kuku.

Nakolong akajifunga kanga upya kiunoni.

"Sadia binti yangu," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Mungu ametutendea. Joy mzima, mjukuu mzima. Lakini ile supu ilikuwa supu. Haikuwa na kosa. Umeimwaga mbele ya wageni wangu, na mwanangu hana mbuzi mwingine wa kuchinja. Wote hapa tunangoja neno moja tu kutoka kwako."

Sadia alimtazama Joy, aliyekuwa ameinama juu ya kichwa cha mtoto, mashavu yana rangi.

"Kukuuzia kitu ambacho sikukinusa, hilo ni kosa langu, na mpaka pua hii izibuke sitauza gome hata moja," akasema. "Kesho nitaleta mbuzi na nitapika mwenyewe, na nyote mje. Lakini kama ni kwa kuimwaga, Mama Ekiru, msinisubiri. Siombi msamaha."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."