Pilau ya Wageni wa Meli

Bi Mwamvua wa Kitopeni, kitongoji kilichoko mbele ya Moa, alikuwa na sifa moja iliyomponza: hakuna mgeni aliyewahi kutoka kwake na njaa. Mafuriko yaliizoa barabara ya kwenda Horohoro, yakajaza tope kisimani, yakaubomoa ukuta wa nyuma wa nyumba yake, lakini sifa hiyo hayakuigusa. Ndani, mjukuu wake Nasma alikuwa akiharisha na kutapika tangu juzi, macho yamezama.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Shekhe, akapigiwa simu kwamba meli ya jeshi la wanamaji inakuja na chakula, maji na daktari. Maofisa wangeshuka kwanza kwa boti waangalie hali, ndipo waamue nani ahudumiwe mwanzo. Mtu mwenye akili zake angewaacha waje wajionee. Bi Mwamvua yeye akasimama katikati ya wanawake wenzake, mikono kiunoni.

"Watoke baharini kote huko waje watukute tumekunja nyuso kama ombaomba? Kwanza wageni wapewe chakula. Shida zetu tutazisema baadaye."

Hakuna aliyembishia, maana kila mmoja aliogopa kuitwa mchoyo. Mchele uliookolewa darini ukakusanywa kwenye ndoo, nazi zikakunwa, kuku aliyebaki akachinjwa. Nguo za Idi zikatolewa masandukuni. Penye ukuta ulioanguka Bi Mwamvua akatundika kanga zake mpya, na Nasma akalazwa nyuma ya kanga hizo, asionekane.

Boti iliongozwa na Luteni Ritha, binti wa Kishambaa kutoka Lushoto. Alivua viatu mlangoni, akaamkia shikamoo, akakaa mkekani na wenzake, akala. Wenyeji walisimama wakimhimiza aongeze. Watoto walikuwa wamefukuzwa mapema, wasije wakakodolea macho sahani za watu.

Alipokwisha kunawa akauliza habari za pale. Njema. Chakula je? Kipo, alhamdulillahi. Na wagonjwa? Hapo Bi Mwamvua akammiminia chai. Mgeni hajamaliza hata chai, ataanzaje kummwagia matatizo juu ya mkeka ule ule?

"Wapo," akasema, "lakini hawajambo."

Luteni akafurahi kwa moyo mweupe. Akawaeleza kwamba upande wa Mkwaja watu walikuwa bado juu ya mapaa, kwa hiyo meli ingetangulia kule, kisha irudi Kitopeni Mungu akipenda. Akashukuru kwa ukarimu, akaaga. Wanaume wakawasindikiza hadi ufukweni na kuwafungia madafu ya njiani. Madafu, jamani, na kisima kimejaa tope!

Bi Mwamvua akaingia nyuma ya kanga. Nasma alikuwa hatapiki tena, wala halii. Alipoitwa alifumbua macho kidogo, akayafumba. Mdomo wake ulikuwa umekauka hadi umepasuka.

Aibu ilimshika bibi yule hata akakosa pa kuuweka uso wake. Daktari yuko pale mbele, meli yake inaonekana, na yeye amemficha mtoto asimharibie karamu. Akambeba, akatoka mbio mbele ya watu wote, akaingia baharini na gauni lake la Idi, maji yakamfika kifuani.

"Mwanangu, rudi!" alimpazia sauti Luteni. "Nimekudanganya! Tunakufa huku!"

Boti ikageuka. Tabibu aliyekuwamo akampokea Nasma. Luteni Ritha akarudi nchi kavu kuwatazama wengine, na safari hii wagonjwa wakatolewa majumbani mmoja mmoja, wenye nyumba wakitazama chini. Uani kwa Bi Mwamvua aliwakuta watoto wamelizunguka sufuria, wanakwangua ukoko. Akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, pilau ile niliyokula, imebaki nyingine?"

"Haikubaki."

"Na mchele?"

Bi Mwamvua akamwinamishia ndoo tupu ya mchele, na Luteni akafunika mdomo wake kwa mkono.

Jioni Nasma alikuwa kitandani ndani ya meli, dripu mkononi, bibi yake kando, daktari amesema atapona. Meli haikung'oa nanga siku ile. Mabaharia walishusha magunia hadi giza likaingia, na wale wa Mkwaja waliendelea kusubiri juu ya mapaa yao. Bi Mwamvua alilijua hilo.

Luteni Ritha akamletea sahani ya wali na maharage. Bi Mwamvua akaitazama, akasema ameshiba.

Binti yule akaketi karibu yake, macho mekundu. "Mimi nilikula chakula cha watoto wako, mama, nikaongeza," akasema. "Usiniache na aibu hii peke yangu. Kula."

Bi Mwamvua akaivuta sahani, akala, machozi yakimdondokea mkononi, na hakuyafuta.